Kigari Nilichokiita cha Juzi

Vuta kiti ukae, wewe uliyekuja kuniuliza namna ya kutambua kigari cha kweli na cha bandia. Usiogope. Kazi hii si ngumu kama watu wanavyodhani, na macho uliyo nayo yanatosha. Nimefundisha kemia miaka mingi katika shule ya sekondari, na sikuwahi kupata mwanafunzi aliyeshindwa kujifunza kutazama. Waliokuwa na haraka ndio walionisumbua. Ila leo sitaanza na vigari. Nitaanza na aibu yangu, maana ukiijua vizuri, huenda ukaepuka kujipatia ya kwako.

Vigari ninavyosema ni vile vidogo vya kuenea kiganjani, ambavyo viwanda vya Ulaya vilikuwa vikitengeneza kwa kumimina zinki ya moto ndani ya kalibu, kisha kuvipaka rangi na kuichoma ili ishike. Wazungu waliokaa mjini kwetu kabla ya uhuru waliwanunulia watoto wao, na Wagiriki na Wareno wa madukani hali kadhalika. Walipoondoka, vigari vilibaki. Vilibaki chini ya sakafu za mbao, kwenye mitaro, ndani ya masanduku ya waliokuwa wapishi wao na mafundi wao. Siku hizi kuna watu Kinshasa na ng'ambo wanaovitafuta kama wengine wanavyotafuta almasi, na penye wanaotafuta hapakosi wanaoghushi.

Mimi niliingia kazi hii kwa mlango wa ujane. Mume wangu alikuwa fundi saa. Alipofariki aliniachia kioo cha kukuza, koleo ndogo tatu, muhuri wa karakana yake, na boksi la vigari kumi na kimoja ambavyo wateja walimwachia mara moja moja walipokosa pesa ya kulipia saa. Jioni nilikuwa nikivipanga mezani na kuvilinganisha, kwanza kwa upweke, baadaye kwa udadisi. Mkusanyaji mmoja wa Kinshasa akapata habari zangu, akaanza kunitumia picha kwa simu ili nimpe maoni. Mwaka haukuisha, watu wakawa wanakuja barazani kwangu kila Jumamosi na vitu vyao vimefungwa ndani ya vitambaa. Wakanipa jina la Mama Lunette, kwa sababu ya kioo.

Nilikuwa na mpango wangu wa kutazama, na sehemu kubwa ya mpango huo bado naifundisha. Kigeuze kigari kwanza, tumbo juu. Soma maandishi kwenye bamba la chini: ya kiwandani yana kingo kali, lakini aliyenakili kwa kutumia kigari kingine kama kalibu hupata herufi zilizolegea, kama sabuni iliyotumika. Tazama ribiti zinazoshika bamba. Zikiwa zimetobolewa na kuzibwa tena, kuna mtu alikifungua. Tazama ncha za ekseli, yaani kile kijiti cha chuma kinachobeba magurudumu. Zamani zilipondwa kwa mashine hadi zikafanana na uyoga mdogo. Halafu ingia kwenye kona za ndani kabisa, mahali brashi ya mghushi isipofika, uone kama rangi ni ile ile ya nje.

Juu ya hayo niliongeza sheria mbili za kwangu, na hizo ndizo zilizoniponza.

Ya kwanza: mwenye kigari anyamaze. Wauzaji wana hadithi, na hadithi hulainisha jicho. Kila kigari kilicholetwa kwangu kilikuwa cha mtoto wa gavana. Nikachoka. Mtu akifungua mdomo nilikuwa ninainua kidole, naye anafunga.

Ya pili ilitoka katika hali ya hewa yetu. Kisangani haina huruma na chuma. Tuna mto, tuna mvua, tuna msitu unaopumua mpaka ndani ya kabati la nguo. Ekseli iliyokaa hapa miaka hamsini au sitini lazima iwe na kutu, hata kama ni ya unene wa unywele. Iking'aa, nilisema, basi imeshuka kwenye ndege juzi. Nilimwandikia mkusanyaji wa Kinshasa sheria hiyo, akaisifu, nami nikaipenda zaidi kwa kuwa imesifiwa. Tena ilikuwa ikinipa majibu sahihi, mara nyingi sana.

Sasa nikueleze jambo ambalo siku ile sikulijua, kwa kuwa nilikataa kulisikia.

Katika mtaa wa familia za Kiislamu, zile ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara, anaishi mzee mmoja seremala. Jirani yake, muuza vipuri vya baiskeli, alitaka kujenga ukuta kati ya lupango zao, yaani viwanja vya nyumba. Kati ya nyumba hizo mbili kuna kipande cha ardhi, hatua nne kwa upana, labda ishirini kwa urefu. Mzee alisema jiko la mama yake lilisimama pale. Jirani akasema hapajawahi kuwa na jiko, na kwamba baba yake alinunua mpaka ukutani kwa mzee. Hati za mmoja zililiwa na mchwa, za mwingine hazikuwa na vipimo.

Basi mzee akamwambia mkuu wa mtaa neno moja. Mwaka wa uasi, muda mfupi baada ya uhuru, yeye akiwa mtoto wa miaka minane, mama yake alificha vitu vya thamani kabla ya kukimbilia msituni. Alivitia ndani ya chungu, akamimina mawese mpaka vikazama, akaziba mfuniko kwa sandarusi iliyoyeyushwa, ile ile wavuvi wa Yanonge wanayozibia nyufa za mitumbwi, akazika chini ya mafiga. Mtoto naye alikuwa na kigari cha buluu chenye paa jeupe, gari dogo la kusambazia mikate, alichopewa na Mgiriki mmoja baba yake alipomaliza kumtengenezea rafu za duka. Alilia hadi mama akakubali kukizika katika chungu kidogo cha peke yake. Waliporudi jiko lilikuwa limeungua na kuta zimeanguka. Mama alichimba akapata chungu chake. Kile kidogo hakikuonekana, na mwenye njaa hana muda wa kutafuta kigari. Jiko jipya likajengwa upande wa pili wa nyumba. Mzee alisema: chimbeni pale, hatua mbili kutoka kwenye ukuta wangu, mtakikuta.

Wakachimba mkuu wa mtaa akiwepo. Jembe likavunja chungu. Ndani mlikuwa na mafuta yaliyoganda, na ndani ya mafuta, kigari cha buluu.

Jirani hakutikisika. Alisema chungu kinauzwa sokoni kila asubuhi, na mawese pia, na mzee huyu alikuwa na usiku mzima wa kuja kuzika. Mkuu wa mtaa alifikiri vizuri, simlaumu hata kidogo. Alisema chungu hakisemi umri wake, lakini kigari kinaweza kusema. Kikiwa cha zamani, mzee amesema kweli na jiko lilikuwa pale. Kikiwa kipya, amezika mwenyewe. Waende kwa Mama Lunette.

Kabla hawajaja, mke wa mtoto wa mzee alifanya kile ambacho mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Hupeleki kitu mbele za watu kikidondosha mafuta. Alikiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akakisugua kwa ndimu na mswaki, akakikausha kwa kitambaa. Kikaja kwangu kimependeza.

Ilikuwa Jumamosi na baraza ilikuwa na watu saba au wanane. Wakaingia watatu: mzee amevaa kofia yake ya Ijumaa, jirani yake, na katibu wa mkuu wa mtaa mwenye faili kwapani. Katibu ndiye aliyeanza.

"Mama, kwanza nikuelezee. Hii kitu batu bali—"

Nikainua kidole. "Hapa kwangu, papa, motuka njo inasemaka."

Watu wangu wa baraza wakatabasamu, wanaijua sheria: gari ndilo husema, si mwenye gari. Katibu akafunga faili. Ningemwacha amalize sentensi ile moja, neno "mafuta" lingetoka, na mimi leo ningekuwa nakufundisha mambo ya ribiti tu.

Nikakigeuza. Maandishi ya chini yalikuwa makali. Ribiti hazijaguswa. Ncha za ekseli ziliumbika kama uyoga, sawasawa kabisa. Mashahidi watatu, na wote walisema ukweli. Niliwaona. Lakini ekseli ziling'aa kama sindano mpya. Bamba halikuwa na kutu hata nukta. Kona hazikuwa na vumbi. Na tairi, ambazo kwenye gari la namna ile zilipaswa kuwa nyeupe, zilikuwa za rangi ya chungwa, tena zimevimba, zinazunguka ovyo kwenye magurudumu kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Nikajiambia: nakala nzuri, mtu anajua kazi, ila amekosea mpira. Haikuchukua hata dakika tatu.

Mzee alisema, "Mama, angalia tena. Polepole."

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kukosea ningeweza kukubeba. Kilichofuata ndicho kinachoniamsha hadi leo. Watu walikuwa wakinitazama, nami nilitaka wacheke. Nikainua kigari wote wakione.

"Papa," nikasema, "hii motuka imezaliwa juzi. Haiyaacha hata kunyonya."

Wakacheka. Mmoja akamwambia mzee amesahau kuja na biberon, chupa ya kunyonyeshea mtoto. Jirani alicheka kuliko wote, halafu akaniomba niandike. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kwamba kigari nilichokiona ni nakala ya siku hizi, nikatia sahihi. Kisha nikapiga muhuri wa marehemu mume wangu. Unajua kwetu karatasi yenye muhuri ni kitu gani. Mtu anaweza kubishana na mdomo wako asubuhi hadi jioni, lakini muhuri ukishakauka, mabishano yamekwisha. Mzee alikichukua kigari chake mezani, akakifunga ndani ya leso, akashuka ngazi za baraza.

Ukuta ulijengwa wiki ile ile. Habari hizo nilizipata kwa mama anayeniuzia samaki wa kukausha, anayeishi mtaa ule. Alinieleza yote: jiko, mafiga, ardhi, na kwamba watoto wa pale sasa wanamwita mzee Papa Biberon, na kwamba msikitini hakai tena safu ya mbele. Neno mawese hakulitaja. Alisema tu "walichimba wakapata". Nilisikitika, lakini masikitiko yenyewe yalikuwa na kiburi ndani yake. Nilimwambia kwamba ukweli hauna ndugu. Akanitazama, akaendelea kufunga samaki.

Miezi ikapita. Mvua zikaongezeka. Siku moja jikoni nilikuwa namalizia bidoni ya mawese niliyoletewa kutoka Banalia. Mpira wa kifuniko, ule mviringo mwembamba wa kuzuia mafuta yasivuje, ulikuwa umedumbukia ndani tangu nilipoifungua. Nikauopoa kwa kijiko. Ulikuwa mweupe siku ile. Sasa ulikuwa rangi ya chungwa. Nikajaribu kuurudisha mahali pake, ukakataa. Umevimba. Nikauvisha kidoleni ili niufute, ukazunguka ovyo.

Mkono wangu ulijua kabla ya kichwa. Niliketi kwenye kigoda, mafuta yakidondokea kitenge.

Nilimkumbuka mama yangu. Wakati wa vita alifungua kichwa cha cherehani yake, akavitia vyuma vyote katika mawese na kuvizika nyuma ya choo. Tuliporudi alivitoa, akaviosha kwa sabuni na ndimu, na cherehani ikaimba kama siku iliponunuliwa. Alinishonea nguo za mtoto wangu wa kwanza kwa cherehani ile. Hakuna familia hapa isiyojua kuzika chuma ndani ya mawese. Mgeni angeweza kusamehewa. Mimi nimezaliwa kwenye jambo hilo. Na kama hilo halitoshi, kila mwaka darasani niliweka misumari mitatu katika chupa tatu: mmoja ndani ya maji, mmoja ndani ya hewa yenye unyevu, mmoja umefunikwa na mafuta. Baada ya wiki mbili niliwauliza watoto upi haukupata kutu na kwa nini. Waliokosa niliwapa sifuri.

Nilikuwa na picha ya kigari kwenye simu. Huwa napiga kila ninachokitazama. Nikaikuza. Paa jeupe lilikuwa na kivuli cha manjano, hafifu, kama kidole cha mpishi. Nikamwandikia mkusanyaji wa Kinshasa, nikamuuliza kwa kuzunguka kama mafuta huvimbisha tairi za zamani. Akajibu siku hiyo hiyo kwamba ndiyo, na vibaya sana, kwani kuna nini? Sikumjibu.

Ungedhani niliinuka nikaenda kwa mzee. Sikuinuka. Zilipita wiki tatu. Nilikuwa na sababu, na kila asubuhi nilikuwa na mpya: labda nahitaji kukiona tena ili niwe na hakika, labda mambo ya ardhi yana mizizi nisiyoijua, labda kumwamshia mzee jambo lililolala ni kumwongezea maumivu. Nilipopanda toleka kwenda sokoni, nilimwambia mwendesha baiskeli apitie barabara ya juu, akashangaa kwa nini tunazunguka. Ukweli ulikuwa mfupi. Nilipenda kuitwa Mama Lunette.

Jumamosi ya tatu msichana mmoja aliniletea kigari chenye ekseli zilizoliwa. Wenzake walikuwa wamemsindikiza. Nikasikia sauti yangu ikianza somo lake la kawaida: "Muone, kutu haidanganyake—" na nikaikatiza hapo hapo. Nilimrudishia kigari chake. Nikawaomba radhi watu wa baraza, nikachukua mwavuli.

Mzee nilimkuta anapiga randa ubao wa benchi. Nyuma yake ulisimama ukuta wa matofali ya simenti, mrefu kuliko nilivyofikiria, umemfungia jua la asubuhi lote. Aliniona, hakuacha kazi.

"Mama Lunette," akasema. "Umekuya kuangalia na ukuta, kama iko ya zamani?"

Nilistahili. Nikamwambia nilichokuja kusema: kigari chake kilikuwa cha kweli, kililala ndani ya mafuta miaka yote ile, na mimi nilimpa uongo mbele za watu.

"Hapana," akasema, maranda yakianguka miguuni. "Mutu anadanganya kama anajua. Weye haukujua." Akapiga randa mara mbili tatu. "Ulijua siku gani?"

Ningeweza kusema jana. Alikuwa mzee, hangeweza kuchunguza. Nikasema wiki tatu.

Randa ikasimama.

"Basi ile ya kwanza ilikuwa makosa," akasema polepole. "Ya wiki tatu, ile njo bongo."

Bongo kwetu ni uongo, na alilisema neno hilo bila kupaza sauti. Nilibaki nimesimama na mwavuli wangu, mwanamke wa umri wangu, kama mtoto aliyetumwa nje ya darasa. Nilipopata pumzi nikamuuliza kama naweza kukiona kigari tena, niandike upya, nikipeleke mwenyewe kwa mkuu wa mtaa. Mke wa mtoto wake, aliyekuwa akichambua pondu, majani ya muhogo, mlangoni, ndiye aliyejibu. Kigari hakipo. Baada ya siku ile mwanamke huyo hakutaka kukiona nyumbani. Alimpa mchuuzi aliyekuwa anapanda treni ya Ubundu, naye akampa beseni la plastiki.

"Si ulisema iko ya juzi?" akaniambia. "Kitu ya juzi tunachunga ya nini?"

Beseni lenyewe lilikuwa mbele yake, limejaa majani.

Nilijaribu kusema mambo ya fidia. Mzee akanikatiza. Alisema hataki kitu changu. Anataka niseme pale niliposemea, mbele ya watu wale wale, halafu nikaseme kwa mkuu wa mtaa jirani yake akiwepo. "Na usiseme kama professeur," akaongeza. "Sema kama mutu."

Nilifanya yote mawili. Barazani ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Wengi wa siku ile walikuwepo, na aliyesema mambo ya biberon alitazama vidole vya miguu yake muda wote. Niliwaambia nilichokiona, nilichokataa kusikia, na utani wangu, neno kwa neno. Utani ulikuwa mgumu kuurudia kuliko kosa.

Kwa mkuu wa mtaa nilikwenda na mpira wa bidoni na picha kwenye simu. Nikaeleza, na licha ya onyo la mzee nilijikuta naeleza kama darasani. Tabia haiondoki siku moja. Mkuu wa mtaa aliushika mpira, akauvuta, akampa katibu naye auvute. Jirani alisubiri nimalize. Hakukasirika. Alikuwa na haki ya kusema alichosema, na alikisema vizuri.

"Mama, mara ya kwanza ulikuwa na motuka mu mukono. Leo uko na kinywa tu. Batu baamini gani?"

Nilichokuwa nacho mkononi siku ile ndicho kingenijibia, na nilikuwa nimekishusha thamani hadi kikalingana na beseni.

Mkuu wa mtaa akatoa karatasi yangu kwenye faili, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu kwamba mwandishi ameifuta mwenyewe, akaniamuru nitie sahihi. Alisema shauri linarudi mwanzo, wapimaji wa ardhi wataitwa, na hadi watakapokuja ukuta hautaguswa. Zaidi ya hapo, alisema, hana uwezo. Mzee akasimama akaomba maneno yale mekundu yasomwe kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Katibu akayasoma. Nje walikuwepo wanawake wa foleni ya bomba na vijana wa toleka, wakasikia kwamba mzee hakuzika kitu usiku.

Tulitoka pamoja. Alikuwa anaiweka sawa kofia yake.

"Sasa tuko babili," akaniambia, "benye kusema bila kitu mu mukono. Mimi nilishazoea. Weye utazoea."

Akaondoka upande wake.

Wapimaji hawajafika mpaka leo. Nimeuliza kuhusu kigari kwa wachuuzi wote ninaowajua wa njia ya Ubundu, nimewaonyesha picha, nimeahidi zawadi. Mmoja alidhani amekiona, ikawa ni cha kijani. Mzee amerudi safu ya mbele msikitini, mama wa samaki ameniambia. Ila wako watoto ambao bado wanamwita lile jina, kwa sababu jina likishakuwa tamu mdomoni halisubiri karatasi. Barazani kwangu watu wamepungua kidogo. Wanaokuja hukaa muda mrefu zaidi, maana siinui tena kidole.

Ndiyo maana nilikutaka ukae kwanza. Hilo ndilo nililolipia, wewe lichukue bure. Ribiti, herufi na ncha za ekseli nitakufundisha zote, na utaziweza, nakuona una mkono mtulivu. Lakini ukiletewa kigari, kiache mezani usikiguse. Muulize mwenye nacho kililala wapi, kililala ndani ya nini, na nani alikiosha mara ya mwisho. Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe. Akimaliza kusema, ndipo uchukue kioo.